Sifuri na Nafasi Tupu: Somo la Takwimu Nililolipata Fildi Bagamoyo

Msimu wa fildi ukikaribia, hapa chuoni maswali huwa mawili tu: hela ya fildi inaingia lini, na logibuku itasainiwa na nani. Mimi mwaka ule niliongeza la tatu, nalo lilikuwa la majivuno: nitawatengenezea programu gani? Nasoma mifumo ya kompyuta, nilikuwa nimetoka kufaulu somo la hifadhidata, na nilipopangiwa zahanati moja kaskazini mwa mji wa Bagamoyo, upande wa kuelekea Makurunge, nikajiona mkombozi kabla sijapanda basi. Nikafungasha laptopu, chaja mbili na flashi.

Zahanati ilikuwa na watumishi watatu. Aliyenipokea alikuwa muuguzi wa makamo. Kijiji kizima kilimwita Nesi, mimi nikamwita mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa kompyuta? Haya, kaa hapa. Umeme umekatika tangu asubuhi. Shika kalamu."

Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi, na mwanzoni mwa mwezi zahanati zote za nchi hii zina kazi moja: kuhesabu. Mezani palikuwa na vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao umekuwepo tangu miaka ya 1990. Ni vitabu vikubwa, ukikifungua kimoja kinajaza meza. Kitabu cha 5 ni cha wagonjwa wa nje, cha 6 ni cha wajawazito, cha 7 ni cha watoto, cha 12 ni cha wanaojifungua. Kila mgonjwa ni mstari mmoja: jina, umri, jinsia, anakotoka, kipimo, ugonjwa, dawa. Mwisho wa mwezi unapita mstari kwa mstari na kupiga tali, vijiti vinne na cha tano kinavikata, halafu unajumlisha na kuhamishia kwenye fomu ya mwezi. Fomu inatakiwa ifike wilayani kabla ya tarehe 7. Huko namba zinaingizwa kwenye DHIS2, na zikishaingizwa, mtu aliyeko Dodoma anaziona siku hiyo hiyo.

DHIS2 si kitu kigeni kwa vyuo vyetu. Mizizi yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, watu walipotaka mfumo mmoja wa taarifa za afya badala ya vipande vipande vilivyoachwa na utawala ule. Chuo Kikuu cha Oslo kikaukuza, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa ndani ya mtandao huo kwa miaka mingi. Tanzania Bara iliusambaza nchi nzima kufikia mwaka 2013. Kwa hiyo usidanganywe na anayesema afya yetu haina teknolojia. Teknolojia ipo. Ila mguu wake mmoja uko kwenye seva na mwingine uko kwenye kalamu ya mtu ambaye hajalala.

Sasa nieleze kosa langu. Tulipofika kwenye sehemu ya dawa muhimu, mama aliitwa chumba cha kujifungulia. Mjamzito alikuwa ameletwa na bodaboda na mtoto hasubiri fomu. Akaniambia, "Malizia hiyo." Nikamalizia. Palikuwa na nafasi ya siku ambazo dawa ya mseto, ile ya malaria, ilikosekana. Nafasi ilikuwa tupu. Mimi darasani nimefundishwa kwamba nafasi tupu ni adui wa hifadhidata, inavuruga hesabu zote. Nikaandika 0, kwa mwandiko mzuri kabisa, nikafunga fomu.

Ukweli ni kwamba dawa ya mseto ya watoto ilikuwa imekosekana siku tisa. Mama alikuwa ameziandika siku hizo kwenye daftari lake la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, alilolificha kwenye droo. Hakuna aliyeniambia kuhusu daftari, wala sikuuliza.

Wiki mbili baadaye dawa ikaisha tena. Akaja mama mmoja na mtoto wa miaka miwili anayechemka, kipimo cha haraka kikatoa mistari miwili. Malaria. Kabati tupu. Oda za dawa zina njia yake ya kwenda Bohari ya Dawa, lakini zahanati ikikwama, njia ya haraka ni kuazimiwa kutoka kituo jirani, na anayepanga nani aazimiwe huangalia ripoti za mwezi. Tukapiga simu. Aliyepokea akasema kwa upole tu, "Lakini nyie mbona kwenye mfumo inaonekana hamna shida ya mseto?"

Yule mama alikuwa na nauli ya kurudia peke yake. Nesi akatoa hela mfukoni mwake, mtoto akanunuliwa dozi dukani. Kisha akanigeukia: "Mwanangu, ile fomu uliandika nini?"

Nimelifikiria swali lile kuliko swali lolote la mtihani. Kitaalamu, sifuri ni taarifa. Inasema: nilihesabu, sikukuta. Nafasi tupu inasema: sijui, au sikuhesabu, au fomu ilichanika. DHIS2 yenyewe inalijua tatizo hili kwa namna ya kuchekesha: isipoelekezwa vinginevyo, haihifadhi sifuri kabisa, kwa sababu mamilioni ya sifuri hujaza hifadhidata bure. Wabunifu wake waliona bora sifuri nyingi zisihesabiwe. Mimi nikafanya kinyume, nikatengeneza sifuri pasipo na hesabu. Na sifuri ya uongo ni mbaya kuliko nafasi tupu, maana tupu angalau inaweza kumfanya mtu apige simu kuuliza.

*

Siku za Jumamosi nilikuwa napanda daladala kwenda mjini Bagamoyo. Pale kwenye eneo la hospitali ya wilaya kuna kituo cha utafiti cha Taasisi ya Afya ya Ifakara. Mtu wa kompyuta akitaka kuona takwimu za afya zikitunzwa kwa kiwango cha dunia, hana haja ya kwenda Ulaya. Mwaka 2008 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto wachanga 340 wa Bagamoyo. Mwaka 2009 ikaanza awamu ya tatu, vituo 11 katika nchi 7 za Afrika, watoto 15,459 kwa jumla, na Tanzania ilikuwa na vituo viwili, Bagamoyo na Korogwe. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo ile. Ilipokuja chanjo ya pili, R21, Bagamoyo ikawemo tena, pamoja na Kilifi ya Kenya na vituo vya Burkina Faso na Mali, nayo ikapendekezwa Oktoba 2023. Kwa hiyo homa za watoto wa mwambao huu zimo ndani ya uamuzi uliofanyika Geneva.

Angalia basi jinsi homa hizo zinavyoandikwa. Mtoto aliyemo kwenye utafiti wa namna hii akipata joto, analetwa kituoni, anapimwa, damu inatazamwa kwa hadubini na zaidi ya msomaji mmoja, saa inaandikwa, dawa inaandikwa, na atafuatwa nyumbani kuonekana kama kapona. Kuna wakaguzi wanaokuja kulinganisha karatasi na kompyuta. Na kuna sheria moja niliyoipenda kuliko zote: hufuti. Ukikosea unapiga mstari mmoja tu juu ya kosa ili lisomeke, unaandika lililo sahihi pembeni, unasaini na kuweka tarehe. Tipeksi ni mwiko. Kosa lenyewe ni sehemu ya taarifa.

Mtoto wa pili, jirani yake, asiyekuwemo kwenye utafiti, anapata homa ile ile kutoka kwa mbu yule yule. Yeye anakuwa mstari mmoja Kitabu cha 5, halafu kijiti kimoja cha tali, halafu sehemu ya jumla. Ukishajumlisha, humwoni tena.

Kuna wenzangu huwa wanaligeuza jambo hili kuwa lawama kwa watafiti. Mimi sikubali. Utafiti usipoandika hivyo, chanjo mbovu itapita na nzuri itakataliwa. Wala sitaki zahanati iandike kurasa 40 kwa kila homa. Foleni ingefika barabarani. Ninachosema ni hiki: tofauti ya homa hizi mbili haikuletwa na mashine. Utafiti wa mwaka 2009 na zahanati ya mwaka huo vyote vingeweza kununua kompyuta ile ile. Tofauti ni kwamba upande mmoja kuna mtu anayelipwa kwa kazi ya kuandika, ana muda, na akiandika kitu cha ajabu kuna mtu atarudi kumuuliza kesho yake. Upande wa pili anayeandika ndiye huyo huyo anayezalisha, anayechoma chanjo, anayefagia, na alichoandika hakirudi kwake kamwe. Mama aliniambia amejaza fomu za mwezi kwa miaka kumi na sita. Nikamuuliza ni mara ngapi aliletewa grafu ya zahanati yake. Akacheka.

*

Hapa niwape wenzangu wa takwimu tatizo lao, maana si kila kosa linatoka zahanati.

Ukisikia kiwango cha chanjo ni asilimia kadhaa, kuna namba mbili: waliochanjwa, na waliotakiwa kuchanjwa. Ya kwanza inatoka Kitabu cha 7. Ya pili inatoka sensa. Sensa ya mwaka 2012 iliipa wilaya ya Bagamoyo watu 311,740, lakini Bagamoyo ile ilikuwa na Chalinze ndani yake. Chalinze ikaja kuwa na halmashauri yake, na makadirio yakabidi yagawanywe. Wakati huo huo Dar es Salaam inafurika kuelekea kaskazini: Bunju imejaa, watu wamevuka kuingia Mapinga, Kerege, Zinga. Makadirio yanakuzwa kwa kasi ya wastani; Mapinga haikui kwa kasi ya wastani.

Tuseme kijiji kimekadiriwa kuwa na watoto 200 wa chini ya mwaka mmoja, na wamehamia wengine 60 ambao kadirio haliwajui. Nesi akichanja 220, ripoti itasema asilimia 110. Wilayani watashangilia au watamshuku, na wote watakuwa wamekosea: watoto 40 hawajachanjwa na wamefichwa na asilimia 110. Sasa mgeuze. Mama anaishi Mapinga, anafanya biashara Tegeta, anampeleka mtoto kliniki Bunju kwa sababu ndiko anakopita asubuhi. Bunju wanapata sifa, Bagamoyo wanahesabiwa mtoro. Mtoto mwenyewe ana chanjo zake zote.

Sensa ya Agosti 2022, iliyofanywa kwa vishikwambi (vile vile vilivyokwenda baadaye kwa walimu), ilirekebisha mengi ya haya. Lakini kadirio huanza kuzeeka siku ya pili baada ya sensa. Nesi wangu alikuwa na dawa yake: kila mwaka aliwaomba wenyeviti wa vitongoji wamtajie nyumba zenye watoto wachanga, akaandika kwenye lile lile daftari la jedwali. Idadi yake na idadi ya kwenye mfumo hazikuwahi kulingana, na ukiniuliza niamini ipi, sitafikiri mara mbili.

*

Je, inawezekana namba ikarudi? Inawezekana, na mkoa huu wa Pwani una ushahidi wa zamani. Kusini mwa Dar es Salaam, Rufiji, na pia Morogoro Vijijini, miaka ya 1990 uliendeshwa mradi wa TEHIP, wa Wizara ya Afya pamoja na kituo cha utafiti cha Kanada, IDRC. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani kafa na kwa dalili zipi. Kisha wakafanya jambo dogo mno: wakachora vyanzo vya vifo kwa nguzo za grafu, na pembeni wakachora bajeti ya wilaya, wakawapa wakuu wa afya wa wilaya wenyewe. Ikaonekana malaria inachukua karibu theluthi ya miaka ya uhai inayopotea, ila kwenye bajeti inapata asilimia 5 hivi. Wilaya zikahamisha fedha kidogo kidogo, kwenye vyandarua, kwenye mafunzo ya kutibu watoto. Vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano hivi. Ni kweli walikuwa na nyongeza ya fedha, lakini ilikuwa ndogo, chini ya dola moja kwa kila mkazi kwa mwaka. Hakuna aliyewauzia programu ya ajabu. Walirudishiwa namba zao.

Mfano wa pili ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu ya ile sifuri. Mwaka 2009 hadi 2010, Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, vituo 129 vilijaribiwa mpango ulioitwa SMS for Life. Kila wiki simu ya mtumishi wa kituo ilipokea ujumbe: una mseto kiasi gani? Anajibu kwa meseji ya kawaida, kwa kiswaswadu, na akijibu anapata salio. Upande wa pili msimamizi wa wilaya anaona kwenye ramani nani amekaukiwa. Mwanzoni asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimekosa angalau dozi ya aina moja ya mseto. Baada ya wiki 21 ilikuwa asilimia 26. Soma tena: hakuna aliyeongeza dawa kiwandani. Ziligawanywa tu upya, kwa sababu swali liliulizwa mapema na jibu lilimfikia mwenye gari.

Vya karibuni navitaja kwa haraka. Kibaha, jirani zetu, kuanzia 2020 kuna Afya-Tek, inayomuunganisha mhudumu wa afya ngazi ya jamii, duka la dawa muhimu na kituo cha afya, mgonjwa akitambuliwa kwa alama ya kidole. Morogoro na Mbeya, watafiti wa Ifakara, NIMR-Mbeya na wenzao wa Lausanne waliweka kwenye kishikwambi mwongozo unaomwongoza mtabibu swali kwa swali anapomwona mtoto mgonjwa. Kwenye vituo 40, nusu wakiwa na kifaa na nusu bila, antibayotiki ziliandikwa kwa asilimia 23 hivi ya watoto pale penye kifaa na asilimia 70 pale pasipo nacho, na watoto hawakuzidiwa kwa kukosa dawa hizo. Hapo taarifa inamrudia mtabibu mgonjwa akiwa bado kakaa kitini.

Vidole vya Kibaha vinaleta swali la siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Vizuri. Lakini nimeona kwa macho kitabu cha kliniki kimeachwa wazi kwenye benchi la wagonjwa, na shemeji ya mtu akisoma nani kapima nini. Nimeona pia nywila imeandikwa kwa kalamu ya rangi kwenye ukuta juu ya kompyuta, kwa sababu watumishi wanabadilishana zamu na akaunti ni moja. Mtungaji wa programu atasema watumiaji ni wazembe. Mimi nilikuwa naitumia nywila ile ile ya ukutani, kwa hiyo naomba nisiseme kitu.

*

Programu sikutengeneza. Wiki ya sita nilimwomba mama radhi kwa ile sifuri na kumuuliza tunaisahihishaje. Tukachukua nakala ya fomu iliyobaki zahanati. Nikapiga mstari mmoja juu ya 0, nikaandika 9 pembeni, nikasaini, nikaweka tarehe, kama nilivyoona mjini. Mama aliitazama kwa muda, akauliza kwa nini nisipake tipeksi ikawa safi. Nikamweleza. Akasema, "Yaani kosa lako libaki linaonekana?" Nikasema ndiyo. Akaipeleka wilayani mwenyewe siku alipokwenda kuchukua chanjo, na namba ikabadilishwa kwenye mfumo.

Siku zilizobaki nilichora kwenye karatasi ya manila mistari mitatu ya miezi kumi na miwili: watoto waliopimwa malaria, waliokutwa nayo, na siku za kukosa mseto. Tukaibandika ukutani juu ya meza yake. Mstari wa tatu ulipanda mwezi Mei na Juni, baada tu ya masika, wakati ambapo mstari wa pili nao ulikuwa juu kabisa. Mama akasimama mbele yake na kikombe cha chai hadi kikapoa. Akasema hili alikuwa analijua. Kisha akasema mwakani ataomba dawa za Mei mwezi wa pili.

Mlioona majina yenu kwenye orodha ya Pwani safari hii: bebeni rula. Mistari ya Kitabu cha 5 ni mirefu, jicho huruka kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine, na mtapiga kijiti kwa mtoto wa watu asiyekuwepo. Na kabla hamjajaza nafasi yoyote tupu, ulizeni daftari liko wapi.